Sintesaiza ya analojia ya miaka ya 1980: kikundi chenu kinunue au kiache?

Vitunguu saumu vya Mbulu na ngano ya Basotu vikishauzwa, vikundi vingi hukaa vikao vya kupanga matumizi. Kwaya inataka kinanda. Bendi ya harusi inataka kubadilisha kile kilichokufa. Vijana wenye studio ya chumba kimoja wanatafuta sauti ambayo wenzao hawana. Katika kikao cha namna hiyo, siku hizi haishangazi kijana mmoja akanyanyua simu na kuonesha video ya mzungu anayesifia sintesaiza ya zamani ya analojia, kisha akasema: "Hii nimeona tangazo lake, inauzwa kwa bei nafuu."

Je, fedha za kikundi ziende huko?

Tulieleze jibu letu mapema. Kwa kwaya au bendi inayonunua chombo chake cha kwanza au cha pekee, hapana. Kwa studio ambayo tayari ina kinanda, kompyuta, umeme wa kuaminika na fundi, inaweza kufaa, kwa masharti tutakayoyataja. Sababu kubwa iko kwenye gharama ya kukaa na chombo hicho ukiwa Dongobesh, Haydom, Endasak au Katesh. Uzuri wa sauti hauna ubishi, lakini sauti hiyo itakunufaisha tu siku ambazo chombo ni kizima.

Analojia ni nini hasa?

Wengi wetu tulizifahamu analojia na dijitali wakati wa ving'amuzi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na tangu hapo asiye na king'amuzi akabaki na chenga kwenye kioo. Tofauti ya vinanda inafanana na hiyo.

Katika sintesaiza ya analojia, umeme wenyewe ndio unaotetemeshwa ndani ya saketi. Mtetemo huo hupita kwenye chujio la sauti, hukuzwa, kisha hutoka kwenye spika. Ukizungusha kitufe cha chujio, unagusa umeme moja kwa moja, na sauti inabadilika papo hapo: inakuwa nzito, inanoa, inalia kama filimbi au inanguruma kama besi. Kwenye chombo cha dijitali, kompyuta ndogo iliyo ndani hukokotoa namba au hucheza sauti iliyorekodiwa tayari, kama ya piano halisi au tarumbeta halisi.

Chombo kilichozipa sifa sintesaiza za analojia ni Minimoog, kilichotolewa mwaka 1970 na kampuni ya Mmarekani Robert Moog. Baadaye Wajapani wakaingia kwa nguvu: Korg wakatoa MS-20 mwaka 1978 na Polysix mwaka 1981, Roland wakatoa SH-101 mwaka 1982 na Juno-106 mwaka 1984. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa DX7, ambayo ni ya dijitali, na soko likageuka. Analojia zikaonekana za kizamani, zikauzwa kwa bei ya kutupa.

Hapo kuna jambo ambalo mnunuzi wa huku lazima alijue: si kila kinanda kizee ni cha analojia. Yamaha DX7 ina zaidi ya miaka 40 lakini ni dijitali. Vinanda vingi vya plastiki vya miaka ya 1990 vinavyofika kwenye mitumba ni dijitali pia. Muuzaji akisema "hii ni analojia ya zamani" ili apandishe bei, mwombe jina la kampuni na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye mwili wa chombo, kisha itafuteni kwenye simu kabla ya kuzungumza bei.

Kwa nini bei zilipanda?

Zile analojia zilizotupwa zilikuja kupendwa tena. Wanamuziki wa Ulaya na Marekani wanazitafuta kwa sauti yao, na wakusanyaji wanazinunua kama wengine wanavyonunua magari ya zamani. Roland Juno-106, ambayo kuna wakati iliuzwa kwa fedha kidogo sana ikiwa imetumika, leo katika masoko ya nje huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 ikiwa nzima. Minimoog za miaka ya 1970 ni ghali mara kadhaa ya hapo.

Afrika Mashariki nayo imo katika hadithi hii. Mpiga kinanda Mwethiopia Hailu Mergia alirekodi kanda mwaka 1985 akiwa Washington, akichanganya akodiani na vinanda vya umeme, zikiwemo Moog na DX7. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa teksi katika jiji hilo. Kanda hiyo ilipotolewa upya mwaka 2013, sauti zake za zamani zikapendwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka, na yeye akarudi jukwaani.

Kwa hiyo tukisoma kwamba sintesaiza fulani ni "analojia ya bei nafuu", tujiulize: nafuu kwa nani? Wauzaji wa nje wanajua thamani ya vitu hivi. Inayouzwa rahisi leo mara nyingi ni ile yenye kasoro, ile isiyo na jina, au ile yenye uwezo mdogo. Zipo pia zilizo rahisi kwa haki, mfano Korg Poly-800 ya mwaka 1983, ambayo tangu mwanzo ilitengenezwa kuwa ya bei ya chini. Lakini nauli ya kuileta, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 havijui kama chombo ni kizee.

Mchiriku: somo kutoka Dar es Salaam

Atakayetetea chombo cha zamani kwenye kikao ana hoja moja nzito, na ni ya Kitanzania. Miaka ya 1990 mwanzoni, vijana wa uswahilini Dar es Salaam walianzisha mchiriku kwa kutumia vinanda vidogo vya Casio, ngoma, na amplifaya chakavu zilizopandishwa sauti mpaka zikakwaruza. Muziki huo ulitoka kwenye ngoma za sherehe za mitaani, na kinanda kidogo ndicho kilichoshika nafasi ya mbele. Kundi la Jagwa Music likaufikisha Ulaya, na mwaka 2012 likatoa albamu ya Bongo Hotheads.

Mbali na kwetu, Jamaika nako kuna habari inayofanana. Mdundo mmoja uliowekwa kiwandani ndani ya Casio MT-40, kinanda kidogo cha mwaka 1981, ndio uliobeba wimbo "Under Mi Sleng Teng" wa Wayne Smith mwaka 1985, na ukabadilisha muziki wa rege wa nchi nzima.

Basi si kweli kwamba kinanda cha bei ndogo hakiwezi kufanya kazi kubwa. Lakini tutazame sababu za vijana wale wa mchiriku. Casio ilipatikana mtaani. Ilitumia betri za kawaida. Ilikuwa nyepesi, mtu aliibeba kwapani. Ikifa, ingine ilitafutwa. Hawakuichagua kwa sababu ni ya zamani. Waliichagua kwa sababu ilikuwa inafikika na inaendana na mazingira yao.

Na mazingira yalipobadilika, warithi wao walibadilika pia. Singeli, ambayo imechota mengi kutoka mchiriku, hutengenezwa kwa kompyuta. Albamu ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017, iliyokusanya kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam na kutolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilitoka kwa vijana waliokaa mbele ya kompyuta. Somo kwetu ni kufuata sababu zao. Tukifuata chombo chao tu, huenda tukanunua kitu ambacho wao wenyewe wasingekinunua leo.

Kwaya ina sauti nne

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwaya zetu nyingi, za Kikatoliki na za KKKT, huimba kwa sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Mpiga kinanda anapowaongoza anabonyeza nota nne kwa pamoja, na mara nyingi zaidi.

Minimoog hutoa nota moja tu kwa wakati mmoja. SH-101 vilevile. Hata sintesaiza nyingi mpya za analojia za bei ya chini ziko hivyo: Behringer Model D ya mwaka 2017, inayoiga Minimoog na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake, hutoa nota moja tu na haina vibonyezo vya kinanda kabisa, lazima uiunganishe na kinanda kingine. Kwa studio inayotafuta mstari wa besi, hilo si tatizo. Kwa kwaya inayoandaa misa au ibada ya Jumapili, ni sawa na kununua trekta lisilo na jembe.

Zipo analojia zinazotoa nota nyingi. Juno-106 hutoa sita, Poly-800 hutoa nane. Lakini hizo nazo hazina sauti ya piano halisi. Hazina midundo ya ngoma ya kumsindikiza mpigaji aliye peke yake. Juno-106 haihisi kama umebonyeza kwa nguvu au taratibu. Poly-800 ina vibonyezo 49 tu, wakati kinanda cha kawaida cha kwaya kina 61. Zaidi ya hayo, sintesaiza za aina hii hazina spika ndani yake. Lazima kuwe na amplifaya na spika pembeni.

Tufikirie msiba. Kwaya inaitwa kijijini, kilomita kadhaa kutoka barabarani, uwanja wa nyumba hauna umeme. Kinanda cha kawaida cha dijitali chenye spika zake na betri sita kitapanda bodaboda na kitapiga. Sintesaiza ya analojia ya mwaka 1984 itahitaji jenereta, amplifaya, spika na mtu wa kuzibeba.

Umeme: kibandiko kilichoko nyuma

Hapa ndipo fedha nyingi huungua kwa sekunde moja. Umeme wa TANESCO majumbani ni volti 230. Japani hutumia volti 100 na Marekani hutumia volti 120. Chombo kilichotengenezwa kuuzwa Japani kikichomekwa kwenye soketi ya Katesh bila transfoma ya kushusha umeme, kitapata zaidi ya mara mbili ya umeme wake. Kikiwa na bahati kitakata fyuzi. Kisipokuwa na bahati kitatoa moshi.

Kwa hiyo kabla ya kuchomeka, soma kibandiko nyuma au chini ya chombo. Kikiandikwa 100V, 117V au 120V peke yake, hitaji transfoma. Kikiandikwa 220V, 230V au 240V, ni cha kwetu. Kikiandikwa 100-240V, kinakubali kote. Usiamini plagi, kwa sababu plagi hubadilishwa na yeyote mwenye bisibisi.

Baadhi ya sintesaiza ndogo, kama SH-101 na Poly-800, hutumia adapta ya volti 9 au betri, na hilo ni jambo jema kwa mazingira yetu. Lakini adapta nayo ina upande wa chanya na hasi. Angalia mchoro mdogo wenye duara uliochorwa karibu na tundu, na ulinganishe na ule wa kwenye adapta. Ukigeuza, unaweza kuua saketi.

Kwa wenye sola: vinanda vingi vya dijitali vya siku hizi, kama vya mfululizo wa Yamaha PSR-E, hutumia adapta ya volti 12. Hilo huwapa watu wazo la kukiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola. Msifanye hivyo bila kifaa cha kudhibiti volti, kwa maana betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda kupita volti 14.

Uzee una magonjwa yake

Chombo cha mwaka 1984 kina zaidi ya miaka 40. Hata kama kilifunikwa kitambaa na hakikupigwa, ndani yake kuna vitu vinavyozeeka vyenyewe.

Kapasita hukauka. Matokeo yake ni mvumo kwenye spika, au chombo kukataa kuwaka. Raba zilizo chini ya vibonyezo hulegea, na nota nyingine zikagoma. Vitufe vya kuzungusha na kusukuma huingia vumbi na kukwaruza, na tunajua vumbi la Hanang wakati wa kiangazi lilivyo. Betri ndogo inayotunza kumbukumbu ikifa, sauti zote mlizotengeneza hupotea. Kwenye Korg Polysix, betri hiyo inajulikana kwa kuvuja na kula ubao wa saketi uliouzunguka. Kwenye Juno-106 kuna chipu zinazozaa sauti zinazojulikana kwa kufa moja moja. Chipu moja ikifa kati ya sita, utabonyeza nota tano zikalia na ya sita ikanyamaza au ikakwama, na kosa hilo litazunguka kibao kizima bila kukaa mahali pamoja.

Kisha kuna baridi. Sintesaiza nyingi za analojia za miaka ya 1970 hupanda na kushuka sauti kadiri joto linavyobadilika, ndiyo maana wenyewe huziwasha mapema zipate moto kwanza. Mbulu iko nyanda za juu, na Hanang ina mlima wa zaidi ya mita 3,400. Asubuhi ya Julai na mchana wake ni hali mbili tofauti. Magitaa yakiwa yametegwa na chombo asubuhi, mchana yanaweza yasielewane nacho. Juno-106 na Poly-800 zina teknolojia inayopunguza tatizo hili, nyingine hazina.

Yote haya hutengenezeka. Swali ni nani atakayetengeneza. Fundi redio hodari wa Mbulu mjini au Katesh anaweza kubadilisha kapasita, kusafisha vitufe na kuchomelea waya uliokatika. Kazi hizo anazifanya kila siku kwenye redio na amplifaya. Lakini chipu maalumu ya Juno-106 haipo kwenye sanduku lake, itaagizwa nje, na ikija kama si sahihi hakuna wa kuirudishia. Wakati huo kwaya inaimba bila kinanda, na waliochanga wanauliza.

Hesabu ya daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuweke daftari mezani. Takwimu hizi ni mfano tu wa kufanyia hesabu, kila kikundi kiweke bei zake.

Tuseme chombo kimeuzwa shilingi 700,000. Transfoma ya kushusha umeme shilingi 80,000. Nauli ya kwenda kukifuata na kukirudisha shilingi 60,000. Fundi, kapasita na usafi shilingi 150,000. Amplifaya na spika, kwa kuwa hakina zake, shilingi 350,000. Jumla ni shilingi 1,340,000. Kile cha "laki saba" kimekaribia mara mbili kabla hakijapigwa Jumapili ya kwanza.

Fanyeni hesabu ileile kwa kinanda cha dijitali, kipya au cha mtumba cha miaka ya karibuni. Mistari ya transfoma na spika itafutika mara nyingi, na wa fundi utapungua. Kwa kikundi chenye mfuko mmoja, tofauti hiyo ndiyo nauli ya kwenda kuimba, ndiyo sare, ndiyo maikrofoni.

Wapo wanaosema analojia ni akiba, kwamba thamani yake hupanda kila mwaka. Ni kweli huko kwenye wakusanyaji. Lakini thamani ya kitu ni ile atakayoitoa mtu aliye mbele yako. Kwenye mnada wa Haydom, mkihitaji fedha kwa haraka, mbuzi atapata mteja kabla ya Poly-800.

Nani anunue, na kwa masharti gani

Studio yenye kompyuta inayofanya kazi ina sababu ya kufikiria analojia. Ina mahali pa kuiweka bila kubebwa kila wiki, ina spika, na nota moja ya besi inaweza kurekodiwa mara nyingi na kupangwa. Hata hivyo, kuna hatua ya kabla ya kutoa fedha: programu za kompyuta na za simu zinazoiga sintesaiza hizi zipo, nyingine ni za bure. Zitumieni miezi michache. Mkiona nyimbo zenu kweli zinahitaji sauti hiyo, na mnataka kuizungusha kwa mkono, hapo mnajua mnachokinunua. Mkiona mmeichoka baada ya wiki mbili, mmeokoa fedha.

Mwenye ndugu yake nje anayetaka kumletea sintesaiza ya zamani kama zawadi, asiikatae. Amwombe tu mambo mawili: picha ya kibandiko cha umeme, na chombo kikaguliwe na fundi wa hukohuko kabla ya kupakiwa, kwa kuwa vipuri viko karibu naye.

Na yeyote atakayekwenda kuangalia chombo cha zamani, cha analojia au cha dijitali, afanye majaribio haya akiwa na muuzaji:

1. Soma kibandiko cha umeme kabla ya kuwasha.
2. Fungua sehemu ya betri. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani, betri imevuja.
3. Bonyeza kila kibonyezo kimoja kimoja, toka kushoto hadi kulia. Usirukie hata kimoja.
4. Shika nota nne, kisha sita kwa pamoja. Sikiliza kama kuna inayonyamaza.
5. Zungusha na kusukuma kila kitufe huku ukishika nota. Mkwaruzo mdogo husafishika, sauti inayokatika kabisa ni dalili mbaya.
6. Tafuta kwenye simu programu ya bure ya kutegea gitaa. Piga nota ya A ya katikati, isome kama iko 440. Acha chombo kikiwaka saa moja, pima tena.
7. Hifadhi sauti moja, zima, washa. Ikiwa imepotea, betri ya kumbukumbu imekufa.
8. Chomeka waya wa spika na uutikise kidogo. Sauti ikikatika, tundu limelegea.

Muuzaji anayekataa saa moja ya majaribio amekujibu tayari.

Kuhusu malipo, wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tangazo la chombo cha muziki kwenye simu linaweza kuwa binamu yake. Picha nzuri si chombo. Msitume fedha za kikundi kabla watu wawili wa kikundi hawajakigusa chombo na kukisikia, mmoja wao akiwa mpiga kinanda. Mkilipa, mwandikiane: jina la chombo, namba yake, tarehe, kiasi, na sahihi za pande zote.

Tunachoshauri

Kama chombo ni cha kwanza au cha pekee, nunueni kinanda cha dijitali chenye vibonyezo 61, spika zake, na uwezo wa kutumia betri. Cha mtumba kinafaa kikifaulu majaribio. Kama mnacho tayari na bado mna hamu ya analojia, anzeni na programu, kisha chagueni chombo chenye adapta ya nje, kisicho na chipu za kuagizwa, na ambacho fundi wenu amekiona kabla hamjalipa.

Mkutane naye kabla ya kikao. Muulizeni swali moja: "Hiki kikifa, wewe utakifufua?" Akisema ndiyo na akaeleza kwa vipi, ajenda iendelee. Akikuna kichwa, ihamieni ajenda inayofuata.